Mashine ya michezo isiyo na jina: Jinsi ilivyoingia Migori na Homa Bay

KATIKA stoo za nyumba nyingi za Migori na Homa Bay, kati ya redio zilizokufa na majembe yasiyo na mipini, huenda ukakuta kisanduku cha plastiki chenye mdomo mpana juu yake na nyaya mbili zinazoning'inia mbele.

Vijana wa leo wakikiona hudhani ni kipande cha redio ya kale. Lakini kwa waliokuwa wanafunzi wa shule za msingi katika miaka ya 1990 na mwanzoni mwa miaka ya 2000, kisanduku hicho kilikuwa kompyuta ya kwanza kuguswa na mikono yao, japo hakuna aliyewaambia kwamba ni kompyuta.

Ajabu ni kuwa wengi wa waliokimiliki hawakujua kilitoka wapi, nani alikibuni, wala jina lake halisi. Wapo waliokiita 'vidio gemu', wapo waliokiita 'tivi gemu', na wapo waliotumia jina lolote lililochapishwa kwenye kasha lake.

Makala haya yanaeleza asili ya mashine hiyo, njia iliyopitia hadi kufika Nyanza Kusini, na sababu ya kuwahimiza wenye nazo wasiharakishe kuzitupa.

Asili yake ni Japani

Hadithi inaanzia mjini Kyoto, Japani, katika kampuni ya Nintendo iliyoanzishwa mwaka 1889 kwa shughuli ya kutengeneza karata. Mnamo Julai 15, 1983, kampuni hiyo ilizindua mashine iliyoitwa Family Computer, jina ambalo Wajapani walilifupisha kuwa Famicom. Bei yake ilikuwa yen 14,800, na mhandisi aliyeongoza kazi ya kuiunda alikuwa Masayuki Uemura, aliyeaga dunia mwaka 2021.

Mwaka 1985 mashine hiyo ilipelekwa Marekani ikiwa na umbo jipya na jina jipya, Nintendo Entertainment System. Kwa jumla, zaidi ya mashine milioni 60 ziliuzwa duniani, na utengenezaji wa ile ya Japani ukasitishwa mwaka 2003.

Kwa vipimo vya leo, uwezo wake ni mdogo mno. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa kilobaiti 2 pekee. Mchezo wa Super Mario Bros. uliotolewa mwaka 1985, ambao wengi wanaukumbuka kwa yule fundi mwenye masharubu anayeruka matofali, ulitoshea katika kilobaiti 40. Picha moja inayopigwa kwa simu ya kisasa huchukua nafasi kubwa kuliko mchezo huo wote mara nyingi.

Hata hivyo, si mashine hiyo asilia iliyofika Migori na Homa Bay.

Nakala yazaa nakala

Zilizofika huku zilikuwa nakala. Kampuni ya UMC ya Taiwan ilitengeneza vipuli vya kielektroniki vilivyoiga utendakazi wa vile vya Nintendo. Vipuli hivyo vilipoanza kuuzwa kwa yeyote, kiwanda chochote kilichokuwa na kalibu ya plastiki na wafanyakazi wachache kiliweza kuunda mashine yake na kuipa jina kilitakalo.

Ndiyo maana mashine moja ikawa na majina mengi. Nchini Urusi iliuzwa kuanzia mwaka 1992 kwa jina Dendy. Poland iliitwa Pegasus. Afrika Kusini ilijulikana kama Golden China. Katika nchi kadhaa za Ulaya Mashariki, Asia na Afrika, kulienea aina iliyoitwa Ending-Man, ambayo kasha lake lilibeba pia jina la Terminator, kutokana na sinema ya mwaka 1991 iliyoigizwa na Arnold Schwarzenegger.

Sinema hiyo na mashine hiyo havikuwa na uhusiano wowote. Tena, ganda la Ending-Man liliiga umbo la mashine ya kampuni ya Sega, mshindani mkuu wa Nintendo. Kwa hivyo, mnunuzi alipata kitu chenye sura ya Sega, roho ya Nintendo na jina la mtu wa sinema. Kweli, usione kwenda mbele kurudi nyuma si kazi: kumtafuta aliyekitengeneza hasa ni kazi isiyo na mwisho.

Lakini nakala hiyo ilikuwa na sifa moja ambayo mashine asilia ya Japani haikuwa nayo. Runinga za Japani hutumia mfumo wa mawimbi na rangi ulio tofauti na ule wa Kenya, uitwao PAL. Mtu aliyebeba Famicom kutoka Tokyo hadi Migori angeambulia mistari na vivuli. Viwanda vya nakala vilitengeneza mashine za mfumo wa PAL kwa makusudi, kwa sababu vililenga masoko ambayo kampuni kubwa hazikuyashughulikia. Nakala ndiyo iliyofanya kazi mahali ambapo ile halisi ingeshindwa.

Kutoka bandarini hadi Rongo

Kabla ya mwaka 1993, mfanyabiashara wa Kenya aliyetaka kuingiza bidhaa kama hizi alihitaji leseni ya serikali pamoja na kibali cha kupata fedha za kigeni. Vifaa vya anasa havikuwa na nafasi kubwa katika foleni hiyo. Serikali ilipoondoa leseni hizo mwaka 1993 na kulegeza udhibiti wa fedha za kigeni, milango ilifunguka. Mitumba, redio, saa na vifaa vya umeme vya bei nafuu vilianza kumiminika.

Njia yake inafahamika kwa yeyote aliyefanya biashara miaka hiyo. Bidhaa zilitoka viwandani Mashariki ya Mbali, nyingi zikapitia kwa wauzaji wa jumla wa Dubai, kisha zikateremshwa katika bandari ya Mombasa. Nairobi zilisambazwa katika maduka ya barabara ya Luthuli, mtaa wa Eastleigh na eneo la Kamukunji. Kutoka hapo, katoni zilifungwa kamba juu ya mabasi ya usiku na kusafirishwa hadi Kisii, Rongo, Awendo na Migori, au kukata kona Rongo kuelekea Homa Bay. Upande wa kusini, mpaka wa Isebania na Sirari ulikuwa mlango mwingine, kwani bidhaa ndogo ndogo huvuka hapo kutoka pande zote mbili.

Swali ni je, nani alikuwa na fedha za kununua kitu kisicholiwa wala kuvaliwa?

Jibu linapatikana katika uchumi wa eneo lenyewe. Kiwanda cha sukari cha Sony kule Awendo, kilichojengwa mwishoni mwa miaka ya 1970, kiliwapa wakulima wa miwa malipo ya mkupuo, si ya vijisenti vya kila siku. Katika fuo za Homa Bay, Mbita na Kendu Bay, biashara ya sangara, ambaye wenyeji humwita mbuta, ilipanuka sana kuanzia miaka ya 1980 samaki huyo alipopata soko ng'ambo. Waliosalia walikuwa walimu, wafanyakazi wa serikali na wenye maduka. Mkupuo wa fedha ulipoingia, baadhi yao walinunua runinga. Na palipokuwa na runinga, kisanduku cha michezo hakikuwa mbali.

Macho yalipokiona mara ya kwanza

Si wengi waliokwenda dukani wakijua wanachokitafuta. Mashine hii haikutangazwa kwenye redio wala magazetini, na haikuwa na duka lake maalumu. Watu waliigundua kwa kuiona ikichezwa.

Njia ya kwanza ilikuwa jamaa wa mjini. Desemba ilipofika, waliokuwa wakifanya kazi Nairobi, Mombasa au Kisumu walirejea nyumbani na mizigo. Kati ya mikate, sukari na nguo za Krismasi, aliyejiweza alileta kisanduku cha michezo kwa watoto wa boma. Habari zilienea kijijini kabla ya jua kutua.

Njia ya pili ilikuwa karakana ya fundi wa redio. Fundi aliyeletewa mashine iliyoharibika alilazimika kuijaribu baada ya kuitengeneza, na jaribio hilo halikukosa watazamaji mlangoni. Mtoto aliyetumwa sokoni kununua chumvi angeweza kusimama hapo hadi akasahau alichotumwa.

Njia ya tatu ilikuwa vibanda vya video. Wenye vibanda hivyo walionyesha sinema za mapigano nyakati za jioni na wikendi, nao walihitaji shughuli ya kujaza saa za mchana. Aidha, wapo walioiona kwa mara ya kwanza dukani, ikiwa imewashwa ili kuvuta wapita njia.

Hivyo basi, kununua kulifuata kuona, na kuona kulitegemea mtu wa kwanza aliyethubutu. Kila mtaa ulikuwa na nyumba yake ya kwanza. Wenyeji wa mtaa husika bado wanaweza kuitaja nyumba hiyo, lakini jina lake halipo katika kitabu chochote.

Betri ya gari yaokoa jahazi

Kizuizi kikubwa kilikuwa umeme. Katika sensa ya mwaka 2009, chini ya robo ya nyumba za Kenya ndizo zilizotumia umeme wa gridi kwa mwangaza. Migori na Homa Bay zilikuwa chini mno ya kiwango hicho, hata asilimia 10 hazikufika. Miaka kumi kabla ya hapo hali ilikuwa mbaya zaidi.

Mashine hii ilishinda kizuizi hicho kwa sababu ya udogo wa mahitaji yake. Adapta yake ilitoa takribani volti 9, na ndani ya kisanduku mlikuwa na kipuli kilichopunguza nguvu hiyo hadi volti 5. Kipuli hicho kiliweza pia kustahimili volti 12 za betri ya gari, ingawa kilipata joto zaidi. Runinga ndogo za picha nyeusi na nyeupe, kama zile za Greatwall zilizoenea sana vijijini, nazo ziliweza kutumia betri iyo hiyo.

Kwa hivyo, betri moja iliyobebwa kwa baiskeli hadi sokoni kuongezwa chaji iliwasha runinga na mchezo kwa pamoja. Fundi ndiye aliyeunganisha nyaya, na ilibidi awe makini: wa chanya na wa hasi wakibadilishana, mashine iliungua papo hapo na fedha za miwa zikawa moshi.

Kulikuwa na mtihani mwingine. Waya wa mashine uliingia mahali pa waya wa antena, kisha mtu akazungusha kitufe cha stesheni polepole hadi picha ikajitokeza. Maana yake ni kwamba mchezo ulipokuwa ukiendelea, stesheni haikupatikana. Saa moja jioni ilipogonga na mzee akataka taarifa ya habari ya KBC, mchezo ulikoma, hata kama mtoto alikuwa amebakisha hatua moja kufika mwisho. Na kwa vile mashine haikuwa na uwezo wa kuhifadhi mahali alipofika, kesho yake alianza upya.

Kulipia na kulaumiwa

Waliokosa uwezo wa kununua walilipia kucheza. Mwenye mashine na betri alitoza sarafu kwa kila mchezo au kwa dakika kadhaa, na watoto wakapanga foleni. Wakicheza wawili wawili katika Contra au Battle City, gharama iligawanywa. Mchezaji hodari aliweza kukalia kigoda muda mrefu kwa sarafu moja, jambo lililomuudhi mwenye mashine kuliko mtu yeyote.

Wazazi na walimu hawakufurahia hata kidogo. Sarafu za kusaga mahindi zilipotea njiani, maji hayakuteka kisima kwa wakati, na madawati yakabaki wazi alasiri. Lawama hizo zilikuwa na msingi, na haifai kuzipuuza kwa sababu tu miaka imepita.

Hata hivyo, kuna upande wa pili. Menyu za michezo zilikuwa kwa Kiingereza na wakati mwingine Kichina, bila kitabu cha maelezo. Watoto walijifunza kwa kujaribu, kukosea na kuelezana. Walitambua kwamba kitufe kimoja hubadilisha kazi kulingana na mchezo, na kwamba kuzima na kuwasha huondoa hitilafu. Miaka mingi baadaye, maarifa yayo hayo ndiyo waliyohitaji mbele ya kompyuta na simu za mkononi.

Kitendawili cha michezo 9,999

Kaseti, yaani kile kibweta kilichochomekwa juu ya mashine, zilijigamba kuwa na michezo mia kadhaa, 9,999 au hata zaidi. Mnunuzi aliyehesabu kwa uvumilivu aligundua ukweli: michezo halisi ilikuwa michache, pengine ishirini au chini ya hapo. Mingine ilikuwa ile ile ikirudiwa kwa majina tofauti, au ikianzia hatua ya mbele, au ikimpa mchezaji maisha zaidi.

Wafanyabiashara walijua kwamba namba kubwa humvutia mnunuzi asiye na njia ya kujaribu kabla ya kulipa. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Bunduki ya plastiki iliyoandamana na mashine ilizua mshangao wake. Wengi waliamini kwamba ilirusha kitu kuelekea runinga. La hasha. Haikurusha chochote, ilipokea. Mchezaji alipofyatua katika Duck Hunt, mchezo wa kuwinda bata uliotolewa mwaka 1984, kioo cha runinga kiligeuka cheusi kwa muda mfupi sana, kisha kiboksi cheupe kikatokea pale bata alipokuwa. Jicho la kielektroniki ndani ya bunduki likiona weupe huo, mashine ilihesabu kwamba ndege amepigwa.

Ufundi huo ulitegemea runinga za zamani za kisogo, ambazo huchora picha bila kuchelewa. Ndiyo sababu anayeunganisha bunduki hiyo na runinga bapa ya leo hukosa kila bata. Bunduki haijaharibika, ni kioo kilichobadilika.

Kufifia kwake

Mashine hii haikufa siku moja. PlayStation ya kampuni ya Sony ya Japani, isiyohusiana kwa vyovyote na kiwanda cha sukari cha Awendo, ilitolewa mwaka 1994, na toleo lake la pili likafuata mwaka 2000. Zilipowafikia wenye vibanda, mchezo wa kandanda wenye wachezaji wanaotambulika kwa sura uliwafanya wateja wamsahau fundi wa matofali. Simu za mkononi zikaja na michezo mfukoni, bila foleni wala sarafu.

Mwaka 2015 Kenya ilizima matangazo ya analojia na kuhamia dijitali. Umeme nao ulienea: sensa ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba takribani nusu ya nyumba za Kenya zilitumia umeme wa gridi kwa mwangaza. Runinga za kisogo zikaondolewa sebuleni, na kisanduku kikafuatana nazo hadi stoo. Kutoka stoo, vingi vimeishia kwa wanunuzi wa vyuma vikuukuu, ambao huvipima kwa kilo.

Kwa nini tusivitupe

Huenda msomaji akauliza: nakala ya bei rahisi ina thamani gani?

Ni kweli kwamba haki za wabunifu zilikiukwa. Hataza za mashine asilia zimekwisha muda wake, lakini michezo yenyewe ingali inalindwa na sheria za hakimiliki, na hapa nchini kuna sheria dhidi ya bidhaa ghushi tangu mwaka 2008. Hakuna anayepaswa kuanzisha biashara ya kunakili kaseti hizo.

Lakini kuhifadhi kumbukumbu si kutetea ughushi. Mashine asilia ya Japani ina watunzaji wake. Imeandikiwa vitabu na kuwekwa katika makavazi. Nakala iliyokuja Migori na Homa Bay haina risiti, haina tangazo, wala haina kiwanda kitakachojitokeza kuidai. Ushahidi wake pekee ni vile vilivyosalia stoo na vichwa vya watu ambao leo wana umri wa kati ya miaka 30 na 50. Vyote viwili vinapungua.

Migori yenyewe ina funzo kuhusu jambo hili. Kuta za mawe za Thimlich Ohinga zilisimama kwa karne kadhaa bila waraka wowote ulioandikwa na wajenzi wake, na kwa muda mrefu walimwengu hawakuzijali. Mwaka 2018 shirika la Unesco lilizitambua kuwa Turathi ya Dunia. Kisanduku cha plastiki si Thimlich Ohinga, na hakuna anayedai hivyo. Lakini kanuni ni ile ile: kinachodharauliwa na kizazi kimoja hutafutwa kwa tochi na kizazi kingine.

Aliye na mashine hii anaweza kuanza na mambo mepesi. Asiiwashe kwa adapta ya kubahatisha. Kwanza amwonyeshe fundi volti na mpangilio wa nyaya. Meno ya shaba ya kaseti yasafishwe kwa pamba yenye spiriti kidogo, si kwa kupuliza, kwani mate huleta kutu. Mashine yenye matundu ya duara ya picha na sauti huweza kufanya kazi kwenye runinga nyingi za kisasa zenye matundu ya aina hiyo. Isiyo nayo huhitaji runinga inayoweza kunasa mawimbi ya analojia.

La muhimu zaidi ni karatasi na kalamu. Aandike nani aliileta, kutoka wapi, mwaka gani, kwa bei gani, na ilichezewa katika nyumba ipi. Kisha karatasi hiyo aiweke ndani ya kasha pamoja na mashine.

Siku mjukuu atakapokifungua kisanduku hicho, atajua kwamba kompyuta haikufika kwao kwa mara ya kwanza kupitia simu ya mkononi. Ilifika juu ya paa la basi la usiku, ikawashwa kwa betri ya gari, na ikazimwa saa moja jioni ili mzee asikilize habari.